Je, kwa nini mpira wa Australia hauna kuotea?

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikuwa kwa kinyozi nikisubiri zamu. Kwenye televisheni wanaume waliovaa fulana zisizo na mikono walikuwa wanapandana mabegani kudaka mpira wenye umbo la yai. Kinyozi akasimamisha mashine. Mbona yule kakaa peke yake mbele ya goli, na hakuna anayeinua kibendera? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: huo ni mpira wa Waairishi, waliuhamishia Australia walipokwenda kuchimba dhahabu, na kwao kuotea hakuna. Akaridhika, akaendelea kunyoa. Nilikuwa nimemdanganya, ingawa si kwa kukusudia.

Kosa langu lina wenzake wengi, na linaeleweka. Mpira wa Kigaeli wa Ireland na huu wa Australia wanafanana sana: mkono unaruhusiwa, teke pia, watu wanaruka juu. Tangu 1984 nchi hizo mbili zimekutana mara kadhaa kwa kanuni za mseto. Wachimba dhahabu wa Kiairishi nao walikuwepo kweli, tena kwa maelfu. Ukiweka vitu hivyo vitatu mezani, hadithi inajiandika yenyewe.

Kinachoiharibu ni kalenda. Kanuni za kwanza za mpira huu wa Australia, zile za Melbourne, ziliandikwa tarehe 17 Mei 1859. Chama cha michezo ya Kigaeli kilianzishwa mji wa Thurles, Ireland, Novemba 1884, na kanuni zake za mpira zikatoka 1885. Kwa hiyo huyo niliyemwita mzazi amezaliwa miaka 26 baada ya mtoto. Kuna wanaogeuza hadithi kichwa chini: Askofu Mkuu Croke, mlezi wa kwanza wa chama hicho, aliwahi kuwa askofu huko Auckland, New Zealand, basi huenda aliuona mchezo upande ule akarudi nao. Huo ni uzi mwembamba, mimi siwezi kuutundikia koti. Ni kweli pia kwamba wanakijiji wa Ireland walikuwa wakipiga mpira karne nyingi kabla ya chama chochote, ila walifanya hivyo kila kijiji kwa utaratibu wake, kama wenzao wa Uingereza.

Na kwenye kikao cha 1859 kilichoandika zile kanuni za Melbourne Mwairishi alikuwepo, nisije nikaambiwa nimeficha. Alikuwa Thomas Smith, mwalimu. Lakini alisoma Trinity College ya Dublin, ambako mpira uliochezwa ulifuata mtindo wa shule ya Rugby ya Uingereza.

Shule hiyo hiyo ndiyo iliyomlea mtu tunayemtafuta, Tom Wills, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu. Alizaliwa New South Wales mwaka 1835, mjukuu wa mfungwa aliyesafirishwa kwa meli kutoka Uingereza, akakulia kwenye shamba la mifugo la baba yake, magharibi ya Victoria ya leo. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Rugby, akawa nahodha wa kriketi. Alirudi mwishoni mwa 1856, na Julai 1858 akaandika barua gazetini: wacheza kriketi wasikae bure majira ya baridi mpaka viungo vikakamae, waanzishe klabu ya mpira, na kama hilo haliwezekani, basi hata chama cha kulenga shabaha. Mwezi uliofuata alichezesha mechi maarufu ya shule mbili za Melbourne, wavulana 40 kila upande, iliyochukua Jumamosi tatu na kuishia sare ya goli 1-1. Mwamuzi mwenzake alikuwa mkemia John Macadam. Ndiye huyo ambaye jina lake liko kwenye njugu ghali za makadamia.

Sasa turudi kwenye swali la kinyozi. Wills, Smith, James Thompson na William Hammersley walikaa katika hoteli ya Parade wakiwa na kanuni za shule za Kiingereza, wakatoka na kanuni kumi. Hammersley alisimulia miaka mingi baadaye (na kumbukumbu za uzeeni huzipokei bila kuzichunguza) kwamba Wills alitaka za Rugby, ila hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye. Kupigana mateke ya ugoko kulikatazwa. Kuhusu kuotea, kanuni zote kumi ziko kimya.

Ukimya huo ulibadilisha kila kitu. Fikiria lori lililokwama kwenye tope. Wote wanasukuma kutoka nyuma. Anayesimama mbele hana kazi, na anaweza kugongwa. Huo ndio mpira wa Rugby wa wakati ule: aliye mbele ya mpira hahesabiki, kwa hiyo kila mtu anajazana nyuma na kusukuma. Hata soka letu, lilipoandikiwa sheria London mwaka 1863, lilianza hivyo hivyo, likalegeza baadaye.

Sasa fikiria tofali zinavyopandishwa ghorofani. Saidia fundi wa chini anarusha, wa kwenye jukwaa anadaka, anamrushia wa juu yake. Hapa mtu kusimama mbele ya tofali ndiyo kazi yenyewe. Ila wa juu akidaka na papo hapo akasukumwa, tofali linarudi chini na kazi inakwama. Ndipo kanuni ya sita ilipoingia: anayedaka mpira moja kwa moja kutoka mguuni anaweza kuita alama, akapewa pigo huru, na mpinzani haruhusiwi kuvuka pale alipodakia. Kutokuwepo kwa kuotea kulimpa mchezaji ruhusa ya kusimama mbele; kudaka kulimpa faida ya kusimama huko. Kimoja bila kingine kisingezaa yale mambo ya kupandana mabegani. Kanuni ya kudaka ipo mpaka leo, ila sasa lazima mpira uwe umesafiri mita 15.

Kinachonifurahisha ni nani aliyeliona pengo hilo mapema. Mwaka 1860, akiwa nahodha wa klabu ya Richmond, Wills aliwapanga watu wake kuanzia nyuma hadi mbele ya goli, mpira ukawa unapita kwa mmoja mmoja. Yule aliyetaka sheria za lori ndiye aliyeanza kurusha tofali.

Wengine husema mchezo alioujua kwanza ni marngrook, mpira wa ngozi wa Wenyeji wa Australia, maana utotoni alicheza na watoto wao na kusema lugha yao. Inawezekana. Yeye mwenyewe hakuacha neno lolote kuhusu hilo. Maisha yake na Wenyeji hayakuwa mepesi hata hivyo: Oktoba 1861 baba yake na watu wengine 18 waliuawa na Wenyeji huko Cullin-la-ringo, Queensland, Tom akiwa amekwenda kufuata mahitaji, na walowezi wakalipiza kwa kuua wengi zaidi. Makala ya gazeti la Chicago ya 1895 inadai naye alishiriki. Mwandishi wake hakutaja jina. Na bado, Desemba 1866, Wills huyo huyo aliingia uwanja mkuu wa Melbourne akiwa nahodha wa timu ya kriketi ya Wenyeji.

Pombe ilimmaliza. Alijiua Mei 1880 akiwa na miaka 44, na kaburi lake likakaa karne nzima bila jiwe. Sifa ya baba wa mchezo ilikwenda kwa Harrison, binamu yake. Tangu 2001 sanamu ya Wills imesimama nje ya uwanja huo wa Melbourne, na hapo hachezi: anachezesha ile mechi ya wavulana.

Kinyozi nilimrudia wiki tatu baadaye na maelezo haya yote. Akaniuliza kama nataka ndevu zipunguzwe.