Ombi la Mapema Si Mlango wa Uani

Hesabu inayonichosha kila Septemba ni hii: chuo cha Marekani kimekubali asilimia 16 ya walioomba mapema, Novemba, na asilimia 4 ya walioomba Januari kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo mtoto akijifunga mapema, yaani akiomba kwa ahadi kwamba akikubaliwa ataenda, nafasi yake inazidi mara nne. Haizidi hivyo.

Tuchukue namba za mfano. Waombaji wa mapema 4,000, waliokubaliwa 640. Ndiyo hiyo asilimia 16. Sasa wachambue hao 640. Toa wanamichezo 180 ambao makocha walishawataka, na faili zao zilishapitiwa na ofisi ya udahili tangu kiangazi. Kwao Novemba ni kukamilisha karatasi tu. Wanabaki 460 kati ya 3,820, asilimia 12. Toa watoto wa wahitimu, wa wafadhili na wa wafanyakazi wa chuo: tuseme waliomba 600, wakapata 160. Wanabaki 300 kati ya 3,220, yaani asilimia 9 na kidogo. Mwanao, kama hapigi makasia na babu yake hakusoma huko, yumo humo.

Common Data Set ya chuo, yaani takwimu ambazo chuo huchapisha kila mwaka, itakupa idadi ya walioomba kwa kujifunga na waliokubaliwa, basi, wanamichezo haiwatengi. Na zile nukta za Naviance, programu ya shule inayochora gredi za waombaji waliotangulia na majibu waliyopata, ambazo familia huzikodolea macho usiku kucha? Nukta ya aliyeingia na wastani mdogo haisemi kwamba mwenyewe alikuwa kipa.

Je, 9 dhidi ya 4 ni faida ya kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Chuo hupenda mtu ambaye hakika atakuja, maana vitanda vya bweni lazima vijae na visizidi. Sehemu nyingine ni kwamba wanaoomba mapema mara nyingi ndio waliojiandaa vizuri. Kuzitenganisha sehemu hizo ukiwa nje ya ofisi ya udahili ni kubahatisha, na mshauri anayekutajia namba kamili namtilia shaka.

Kinachosahaulika ni gredi. Ombi la Novemba 1 husomwa kwa matokeo ya hadi darasa la 11, pengine na robo ya kwanza ya la 12, la mwisho. Mtoto aliyeyumba darasa la 10 na ndiyo kwanza anapanda anaihitaji ripoti ya katikati ya mwaka, ambayo Novemba haijatoka. Akikataliwa Desemba, haombi tena chuo hicho msimu huo. Akiahirishwa, anahamia kundi la kawaida na ahadi yake inakufa.

Mkataba wenyewe wa kujifunga tunasaini watatu: mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule. Chuo kimoja kwa wakati mmoja. Ukikubaliwa, unafuta maombi mengine yote. Msaada wa fedha usipotosha unaweza kujitoa, ila huna ofa nyingine ya kulinganisha nayo, kwa hiyo pitia kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo kabla ya kusaini. Na tafadhali, hakuna “kujifunga Harvard.” Harvard, Yale, Princeton na Stanford hukubana usiombe mapema kwingine wanakokukataza, lakini jibu lako wanalingoja hadi Mei 1.

Aliyekosa Desemba anaweza kujifunga awamu ya pili, Januari, pale chuo kinapokuwa nayo. Chuo Kikuu cha Chicago kinayo, Chuo Kikuu cha Brown hakina. Insha za awamu hiyo ziandikwe Novemba. Zinazoandikwa likizoni kwa hasira husomeka hivyo hivyo.