Muhuri wa kucha na jeli havigombani

Saluni nyingi utaambiwa michoro ya muhuri, ile inayogongwa kwenye kucha kwa kichwa laini cha silikoni, haishiki kwenye kucha za jeli, yaani rangi inayogandishwa kwa taa ya UV au LED, eti kwa kuwa rangi ya michoro hiyo ni ya kukauka kwa hewa. Si kweli. Mharibifu ni ule utando unaonata jeli inapotoka kwenye taa: oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisigande. Ukigonga ua juu yake, petali hutambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Pangusa kwanza kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, ndipo ugonge.

Uvumi huu una chembe ya ukweli. Rangi ya kawaida ikipakwa nene chini ya jeli hubanduka, maana kiyeyushi hunaswa ndani. Lakini mchoro wa muhuri ni mwembamba, hukauka upesi. Taa haiusaidii, maana kazi yake ni kugandisha jeli. Ukikauka, ufunike kwa jeli ya juu hadi kwenye ncha ya kucha.

Na kile kichwa cha silikoni kisafishe kwa seloteepu. Asetoni hukififisha, halafu tunailaumu jeli.