Umepima choo, majibu "hakuna kitu", na bado unaharisha

Kiangazi cha 2016 Uingereza ilipata wagonjwa zaidi ya 400 wa saiklospora, kimelea kidogo cha utumbo kinacholeta kuharisha, wengi wao watalii waliotoka Meksiko. Mwaka wa nyuma yake pia walikuwepo wa aina hiyo, ingawa wachache zaidi. Kwa kuwa walilala hoteli tofauti, shaka iliangukia mboga mbichi na matunda yanayosambazwa kote.

Wasafiri wa hapa Dar nao hufika maabara na malalamiko ya aina hiyo: kama wiki moja baada ya kula kitu huko safarini, anaharisha maji, hamu ya kula imekata, mwili umechoka, suruali inapwaya. Kunatulia, kisha kunaanza upya. Ameshanunua Flagyl dukani bila nafuu, na ameshaambiwa ana taifodi. (Nani Dar hajawahi kuambiwa ana taifodi?)

Shida ni kipimo chenyewe. Choo cha kawaida tunakitazama kwa tone la maji chumvi na la aidini, tukitafuta amiba, jiadia na mayai ya minyoo. Saiklospora ni kiduara cha maikromita 8 hadi 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukiwa na foleni ya sampuli unakipita tu. Kinahitaji rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, ndugu ya ile ya makohozi ya TB. Hata hapo vingine hushika wekundu na vingine hubaki vyeupe kabisa, na asiyepima ukubwa atavidhania kriptosporidia, vimelea vingine vya kuharisha, ambazo ni maikromita 4 hadi 6. Ukiwa na darubini ya mwanga wa urujuanimno kazi ni nyepesi zaidi, maana vinang'aa buluu vyenyewe.

Tiba inayojulikana ni kotrimoksazoli, yaani Septrin, kwa siku 7 hadi 10. Usijinunulie: wenye aleji ya salfa inaweza kuwadhuru vibaya.

Wake na waume huniuliza kama wataambukizana. Si moja kwa moja. Kimelea kikitoka na choo hakijakomaa, kinahitaji wiki moja au mbili nje, kwenye joto, ndipo kiweze kuambukiza. Klorini haikiui. Kuosha kotimiri kunapunguza tu; moto ndio unaokimaliza.

Kwa hiyo fomu ya kipimo iandikwe nchi uliyotoka na maneno "tafuta saiklospora". Ulete sampuli za siku tofauti, kwa sababu vinatoka vichache na si kila siku.