Usiniletee gari linalong'aa Januari

Kila Januari, hapa ofisini kwetu Tanga, hakosekani mteja anayeegesha nje gari lililotoka kupigwa rangi jana. Anaingia anacheka, risiti ya fundi mkononi: "Kaka, nilipata ajali kidogo Krismasi, lakini nimeshatengeneza. Nimekuja tu mnirudishie hela yangu." Nikichungulia dirishani nikaliona gari linavyong'aa, moyo unanishuka. Kazi yangu ya mwezi mzima imeshakuwa ngumu kabla sijafungua faili.

Nashughulikia madai kwenye ofisi ya dalali wa bima, huu mwaka wa 11. Mkoa wetu ndio njia ya kila anayetoka Dar kwenda Moshi na Arusha: Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo. Ikifika tarehe 20 Desemba barabara ile inakuwa msafara mmoja, magari yamejaa watoto na mabegi, dereva bado yuko Kabuku lakini akili imeshafika Rombo. Vuli nayo kuna miaka haijaisha. Sasa wakati ajali zinaongezeka ndipo ofisi zinafungwa: tarehe 25, 26, wikiendi ikiangukia hapo, Mwaka Mpya, halafu Mapinduzi tarehe 12. Na yale madai makubwa, ambayo sehemu yake iko kwa kampuni za bima mtawanyo za nje, yaani zile zinazozikatia bima kampuni zetu za bima, hayo ndiyo kabisa. Unatuma barua pepe London tarehe 23, linarudi jibu la kujituma lenyewe kwamba wako likizo ya majira ya baridi, tutaonana mwakani. Baridi! Mimi niko hapa kaskazi inavuma, feni inazungusha joto lile lile.

Kwa hiyo watu wanajiambia, ofisi imefungwa, nitaripoti nikirudi. Hapo ndipo wanapokosea. Kutoa taarifa ni kitu kimoja, kukamilisha dai ni kitu kingine. Fomu, vivuli vya leseni na kadi ya gari, ripoti ya polisi, hivyo vyote vinaweza kusubiri ofisi ifunguliwe. Taarifa haisubiri. Soma mkataba wako: utakuta imeandikwa utoe taarifa mara moja, au ndani ya siku zilizotajwa, na sijaona mkataba unaosema siku za sikukuu hazihesabiwi. Ujumbe wa simu kwa wakala wako unatosha kuanzia: ajali imetokea wapi, saa ngapi, namba za magari, kuna majeruhi au hakuna. Ujumbe una tarehe na saa, hakuna atakayekubishia.

Nikupe mfano wa mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Mkesha wa Krismasi alikuwa anakwenda Moshi na familia kwenye Noah yake. Alipoipita Segera, anakaribia Korogwe, Fuso lililobeba machungwa likamgonga kwa nyuma. Taa ya kulia ilipasuka, bampa ikaning'inia, mlango wa nyuma ukawa haufungi. Dereva wa Fuso akashuka mpole sana. "Kaka, leo sikukuu, polisi watatuweka hapa mpaka usiku. Shika hii laki mbili, tumalizane." Wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari la mtoto kwamba hakuna anayemdai mwenzake, wakatia saini. Mwalimu akaifunga bampa kwa kamba ya manila, safari ikaendelea.

Karatasi ile ya daftari ndiyo iliyomponza zaidi ya Fuso lenyewe. Mwenye bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, akigongwa na mtu mwingine, kampuni yake inamlipa, kisha inachukua nafasi yake na kwenda kumdai mkosaji au bima ya mkosaji. Ukishaandika kwamba humdai mtu, umeiuza haki ambayo si yako peke yako. Kampuni inayo sababu ya kukukatalia, na kwa hilo siwezi kuilaumu.

Nikamuuliza picha. Alikuwa nazo nne, zote za taa iliyopasuka, moja ina kidole chake. Namba ya Fuso hakuna. Nawaambia wateja kila siku: taa haitakimbia, Fuso litakimbia. Piga picha ya namba ya gari la mwenzako kwanza, kisha stika yake ya bima, kisha magari yote mawili yakiwa bado palepale, ukiwa umesimama mbali kidogo ili barabara ionekane. Namba ya gari ukiwa nayo, unaweza kuangalia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kama bima yake ni hai. Na kama wewe una bima ndogo tu, hiyo namba ndiyo dai lako lote, kwa sababu bima ndogo haitengenezi gari lako. Utalipwa kutoka bima ya aliyekugonga. Chukua na simu za mashahidi. Kule Segera mashahidi ni abiria wa mabasi, waja leo waondoka leo, jioni wako Arusha.

Basi mwalimu alifika Moshi, tarehe 27 shemeji yake akampeleka kwa fundi bodi. Bampa mpya, taa mpya, rangi. Vile vya zamani fundi alibaki navyo. Alipokuja kwangu Januari, mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni alilizunguka lile gari mara mbili, akanigeukia: "Sasa mimi nikadirie nini?" Mikataba mingi inaruhusu matengenezo madogo ya dharura mpaka kiasi kilichoandikwa humo. Zaidi ya hapo unahitaji ruhusa, hata ya ujumbe, na vile vilivyovunjika unavitunza kwenye gunia mpaka vionwe. Mwalimu hakulipwa kitu.

Polisi je? Wako kazini Krismasi, piga 112. Mtu akiumia, mkimbize hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ishughulikiwe siku hiyo hiyo. Ripoti kamili ya trafiki inaweza kuchukua muda, lakini ajali iliyoandikwa kituoni tarehe 24 si sawa na iliyoandikwa tarehe 6. Nyaraka hizi ndizo zinazowasha saa: zile siku 45 za kampuni kulipa, ambazo wateja wanapenda kunikumbusha, zinaanza kuhesabiwa faili likikamilika, wala si siku uliyogongwa.

Kuna jambo jingine la Desemba ambalo hatulisemi kwa sauti. Mabasi yanajaa, nauli inapaa, mwenye Noah anaona viti vitano vitupu, anapakia abiria. Hela ya mafuta tu, anasema. Lakini gari lilikatiwa bima kwa matumizi binafsi. Likipinduka, abiria mmoja akaeleza polisi kwamba alilipa elfu thelathini, maelezo hayo yatafika kwenye faili, na bima kubwa ya gari lako itakuwa mashakani.

Na angalia tarehe. Kuna bima zinazoisha 31 Desemba saa sita usiku. Bima haianzi mpaka ada ilipwe, na hakuna siku za huruma. Aliyegonga Mwaka Mpya asubuhi akalipa ada tarehe 2 amekata bima ya ajali zijazo.

Magari nimeyasema sana kwa sababu ndiyo mengi, ila wafanyabiashara wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, nao wana lao. Mama mmoja anauza nguo. Duka kalikatia bima ya moto ya milioni 20, sawa kabisa kwa mzigo wa mwezi wa sita. Desemba anajaza mzigo wa milioni 40. Moto ukiunguza bidhaa za milioni 10 tu, yeye anategemea milioni 10. Atapata 5, kabla ya kukatwa ekses, yaani sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe, kwa sababu alikata bima ya nusu ya thamani ya mzigo wote, na hasara inalipwa kwa uwiano huo huo. Nilimchorea hesabu nyuma ya risiti, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuongeza kwa miezi miwili tu. Anaweza, inaitwa nyongeza ya mkataba, na ada yake ni ndogo. Ila risiti za mashine za kununulia mzigo asizitunze humo humo dukani. Zipigwe picha, zikae kwenye simu.

Namba yangu mnayo. Tarehe 25 nikichelewa kujibu, niko jikoni nakuna nazi, nitaiona tu. Na hiyo picha ya kwanza iwe ya namba ya gari la mwenzako.