VPN Imegoma Baada ya Kusasisha Kompyuta: Dhana Potofu na Ukweli

Mfumo umesasishwa usiku, asubuhi VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa mbali kama wa ofisini, haishiki. Anayeomba msaada hupewa tiba kabla ya kuulizwa dalili: futa, sakinisha upya, zima hiki, rudisha kile. Nyingi ya tiba hizo zimesimama juu ya dhana zisizo sahihi.

Dhana: "Ikishaandika 'imeunganishwa', VPN ni nzima."

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko zote. Neno hilo linamaanisha tu kwamba kompyuta na seva zimetambuana na kukubaliana funguo. Halisemi chochote kuhusu majina ya tovuti, njia ya pakiti (vipande vya data) wala ukubwa wake.

Fungua dirisha la amri uandike ping 1.1.1.1 (kupima kama anwani hiyo ya intaneti inajibu), kisha ping na jina la tovuti yoyote, na jina la mfumo wa kazini. Namba ikijibu na jina mojawapo likashindwa kutambuliwa, huenda VPN yenyewe haina kosa. Shuku DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa namba. Sasisho kubwa linaweza kubadilisha kipaumbele cha adapta (viunganishi vya mtandao vya kompyuta), na maulizo ya majina yakaenda kwa ruta badala ya seva ya VPN. Ruta haiyajui majina ya ndani ya ofisi, kwa hiyo intaneti inafunguka lakini mfumo wa kazini haupatikani.

Kuna hali nyingine yenye ujanja zaidi: ping inajibu, kurasa nyepesi zinafunguka, lakini faili kubwa zinakwama njiani. Hapo shuku MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti. Ethernet ya kawaida hubeba baiti 1500. VPN huifunga kila pakiti kwa bahasha yake, ndiyo maana WireGuard, aina mojawapo ya VPN, kwa kawaida huwekwa 1420. Adapta ya VPN ikibaki na thamani kubwa mno, pakiti kubwa hupotea bila ujumbe wowote wa kosa. Shusha hadi 1400, ikibidi hata 1280, ujaribu tena.

Dhana: "Sasisho limeharibu VPN, kwa hiyo liondolewe."

Mara nyingine ni kweli limeharibu. Masasisho ya Windows ya tarehe 11 Januari 2022, KB5009543 kwa Windows 10 na KB5009566 kwa Windows 11, yalivunja miunganisho ya L2TP/IPsec, aina nyingine ya VPN. Microsoft ikatoa marekebisho ya dharura tarehe 17 mwezi huohuo. Aprili 2024 VPN zikakwama tena, na dawa ikaja Mei. Kwa hiyo tafuta kwanza namba ya KB ya sasisho lako uone kama kosa linajulikana. Ukiling'oa bila kuangalia, umefungua tena kila mwanya wa usalama lililokuwa limeziba.

Lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mfumo umekataa kitu cha zamani, na umekataa kwa makusudi. macOS Sierra ya 2016 iliiondoa PPTP, aina ya zamani ya VPN, moja kwa moja. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji ambayo haiwashi tena BF-CBC, kanuni ya usimbaji iliyokuwa chaguo la kawaida la programu ya OpenVPN kwa miaka mingi. Faili la .ovpn (la mipangilio ya OpenVPN) linalotegemea kanuni hiyo litashindwa hata ulipakie mara ngapi, na lawama haimstahili aliyesasisha. Tiba iko kwa msimamizi wa seva: kanuni mpya kama AES-256-GCM, pamoja na cheti (kitambulisho cha kidijitali) kipya ikiwa cha zamani kilitiwa saini kwa MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu. Ipo mistari ya kuulazimisha mfumo ukubali ya kale. Inafaa kwa kuvusha siku ya kazi, si ya kuachwa humo.

Dhana: "Imekataa nenosiri, basi nenosiri limebadilika."

Si lazima. Kwenye Windows 11 Enterprise, kuanzia 22H2, Credential Guard, kinga ya Windows ya taarifa za kuingilia, huwashwa yenyewe kwenye kompyuta zinazokidhi masharti yake, na huizuia VPN inayotumia MS-CHAPv2 (njia ya zamani ya kuthibitisha nenosiri) kutumia utambulisho uliokwisha kuingia nao kwenye Windows. Nenosiri ni lilelile. Jaribu kuliandika kwa mkono.

Dhana: "Zima ukuta wa moto na antivairasi."

Kwa dakika chache za kupima, sawa. Kuishi hivyo, hapana. Ruhusu mlango (port) unaohusika tu: UDP 1194 kwa OpenVPN, 500 na 4500 kwa IKEv2 (aina nyingine ya VPN) na L2TP/IPsec, na mara nyingi 51820 kwa WireGuard.

Dhana: "Kusakinisha upya hakuna hasara."

Kunasaidia pale draiva ya adapta ya VPN ilipopotea wakati wa kusasisha. Hata hivyo, nakili faili za mipangilio kwanza, na usome kumbukumbu za programu kabla hazijafutika, maana mara nyingi kosa limeandikwa humo wazi. Kitufe cha Windows cha kuweka upya mtandao kina makali zaidi: huondoa adapta zote na kuzirudisha upya, na programu ya VPN huenda ikahitaji kusakinishwa tena.

Dhana: "Saa ya kompyuta haihusiani."

Inahusiana sana. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na saa iliyopotea hukifanya kionekane batili. WireGuard haitumii vyeti, lakini kila ombi lake la kuunganisha hubeba muhuri wa muda. Saa ikirudi nyuma, seva hulitupa ombi kimyakimya kana kwamba ni la zamani. Angalia saa na tarehe kabla hujagusa kingine chochote.