Mpango wa afya kazini: kuwepo na kushiriki

Mpango wa kukuza afya mahali pa kazi ni yale yote anayoandaa mwajiri ili mfanyakazi awe na afya njema zaidi, siyo asiumie tu: kupima presha na sukari, ushauri wa kuacha sigara, mazoezi, chakula cha maana kantini, mtu wa kuongea naye mawazo yakizidi.

Wengi huuchanganya na usalama kazini. Kwa sisi wa Tabora, tumbaku inatosha kuvitenganisha. Anayechuma majani mabichi kule Urambo au Kaliua, yakiwa bado na umande, nikotini humpenya kwenye ngozi. Ataona kizunguzungu na kichefuchefu, pengine atapike. Glavu na shati la mikono mirefu vya kumkinga ni usalama, na mwajiri anabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Kumsaidia mtu huyohuyo aache kuivuta hiyo tumbaku ndiko kukuza afya. Hapo anaweza kukubali, anaweza kukataa.

Kwa kuwa ni hiari, hupimwa mambo mawili. Upatikanaji ni kuuliza kama mpango upo na mfanyakazi anaruhusiwa kuutumia. Ushiriki ni kuuliza, kati ya hao walioruhusiwa, wangapi wameutumia. Katikati kuna jambo dogo linalosahaulika, kujua: tangazo likibandikwa mlangoni kwa mhasibu, wa ghalani atalionea wapi?

Sasa angalia hesabu inavyoweza kutuchezea. Tuseme ghala la tumbaku lina waajiriwa 20, na msimu ukifika linachukua vibarua 100. Siku ya kupima presha wanaitwa waajiriwa peke yao, wanakuja 15. Ripoti itasema ushiriki ni asilimia 75, na kwa tafsiri ya neno haijadanganya. Lakini ukigawa kwa watu wote 120 wanaotoka jasho mle ndani, waliopimwa ni asilimia 12.5. Mimi ripoti ya namna hii naianzia chini, kwenye idadi iliyogawia.

Hata walioitwa wana sababu za kutokuja. Tabora ni njia panda ya reli, ya kwenda Kigoma, Mwanza na Mpanda, kwa hiyo wapo wanaofanya kazi usiku kucha. Mazoezi ya saa kumi na moja jioni yanamkuta mtu wa zamu amelala, au ndiyo kwanza anatafuta viatu aende kazini. Wengine wanaogopa majibu yasije yakafika kwa bosi, na hofu hiyo siilaumu. Tena wanaojitokeza mara nyingi ni wale ambao tayari wanajijali. Mwenye kitambi na presha anakaa pembeni anapiga soga.

Ushiriki nao una kina chake. Aliyekuja mara moja kwenye bonanza akachukua tisheti, na aliyerudi kila mwezi kupima sukari, kwenye daftari la mahudhurio kila mmoja ni jina moja.

Na kibarua je? Analipwa kwa siku. Akiitwa apange foleni ya vipimo saa mbili asubuhi, kwanza atauliza kama muda huo unahesabiwa kazini. Asipojibiwa, anarudi kwenye mizigo yake.