Baka la usoni halitokani na hamu ya mama mjamzito

Kuanzia Kondele hadi Ahero, kaunti ya Kisumu, utasikia maelezo haya: mtoto akizaliwa na baka jekundu au la zambarau usoni, mama alitamani chakula akanyimwa, kisha akajishika uso. Ni imani ya siku nyingi, na inaeleweka. Mzazi hutafuta sababu.

Kinachojulikana ni hiki. Baka hilo ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka ngozini. Hali inayoitwa Sturge-Weber huunganisha baka la paji la uso au kope na mishipa ya aina hiyo kwenye utando wa ubongo na jichoni, ndipo kifafa na presha ya jicho huweza kutokea. Mwaka 2013 watafiti walibaini chanzo: badiliko katika jeni ya GNAQ, linalozuka lenyewe kijusi kikiwa tumboni. Halirithiwi. Wapo hata pacha wa kufanana ambao mmoja tu ana baka, ilhali walibebwa na mama mmoja mwenye hamu zilezile!

Watoto wengi wenye baka hawana tatizo la ubongo. Piga picha kila mwezi, kwenye mwanga uleule: alama hafifu za kope kwa kawaida hufifia mwaka wa kwanza au wa pili, lakini baka hili la mishipa hubaki na kukua na mtoto. Kwenye ngozi nyeusi hupotea machoni kirahisi, hivyo tazama mchana. Likiwa pajini au kwenye kope, omba kliniki macho yapimwe mapema, hata kabla ya degedege lolote.